Kosa la Kusema "Mnyoo ni Mnyoo"

Msomaji wangu, niruhusu nianze na habari ya kabati. Katika chuo cha ualimu nilichosomea palikuwa na kabati la vioo nyuma ya chumba cha sayansi, na ndani yake zilipangwa chupa kumi au kumi na mbili zilizojaa fomalini, na katika kila chupa mlikuwa na minyoo waliotolewa matumboni mwa wanyama wa porini. Chupa moja ilibandikwa karatasi yenye maneno "Mnyoo wa Fisi," nyingine "Mnyoo wa Mbweha," na nyingine karatasi yake ilikuwa imeliwa na mende hata haikusomeka. Hapakuwa na tarehe, wala jina la mahali, wala jina la mtu aliyewatoa. Siku moja nilimwuliza mkufunzi wetu kama yule wa fisi na yule wa mbweha walikuwa wa aina moja au aina mbili, maana machoni pangu walifanana kama punje mbili za mtama. Mkufunzi alicheka, akasema, "Mnyoo ni mnyoo, bwana. Soma yatakayokuja katika mtihani." Darasa zima likacheka pamoja naye, nami nikaketi.

Tangu siku hiyo nimefundisha miaka kumi na zaidi, na maneno yale nimeyasikia mara nyingi. Nimeyasikia kwa walimu wenzangu, nimeyasikia kwa muuza nyama, na, yafaa nikiri, siku moja ya mchana wenye joto niliyasikia yakitoka kinywani mwangu mwenyewe, mwanafunzi mmoja aliponiuliza swali lile lile nililouliza mimi. Niliona haya. Kwa hiyo leo nataka kuyapinga maneno hayo hadharani, nami nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kosa lililomo ndani yake limewahi kuwatia watu maradhini, na litawatia tena.

Wasemao kwamba mnyoo ni mnyoo wanalitegemea jicho. Wanasema: nimewatazama wawili hawa kwa hadubini, nimewapima urefu, nimehesabu sehemu za mwili wao, sikuona tofauti, basi ni mmoja. Hoja hii yaonekana kuwa na nguvu, kwa kuwa sisi sote huwatambua wanyama kwa macho. Pundamilia ana milia yake na twiga ana mabaka yake. Ndege humjua mwenzake kwa manyoya na kwa wimbo. Lakini fikiri kidogo juu ya maisha ya kimelea. Yeye anaishi gizani, ndani ya utumbo au ndani ya msuli wa mnyama mwingine. Hana wa kumwonyesha rangi, hana wa kumwimbia. Chakula chake kimemzunguka, wala hahitaji miguu ya kukimbilia wala macho ya kutazamia. Umbo lake limebaki lile la lazima tu: bomba refu lenye kinywa upande mmoja. Koo mbili za minyoo zaweza kutengana kwa muda wa mamilioni ya miaka, kila ukoo ukijipatia mwenyeji wake na tabia yake na sumu yake, na bado maumbo yao yakabaki yale yale. Ni kama barua mbili zilizotiwa katika bahasha za rangi moja. Moja ni ya posa na nyingine ni ya tanzia. Na mtu anayezitazama juu juu atasema ni barua moja.

Barua yenyewe ni ile iitwayo DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya kiumbe hai, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwa kwa mipango isiyohesabika. Humo ndimo nasaba ya mnyoo inamosomeka. Na ilipofunguliwa bahasha, wataalamu walikuta mara kwa mara kwamba kile walichokiita aina moja, au kama vitabu vya siku hizi visemavyo, spishi moja, kilikuwa spishi mbili, tatu au zaidi zilizojificha chini ya sura moja.

Nikupe mfano ambao sehemu yake kubwa ilitendeka katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1835, mjini London, mwanafunzi wa udaktari aitwaye James Paget aliona vijipunje vyeupe katika misuli ya maiti aliyokuwa akiipasua. Ndani ya kila kijipunje mlikuwa na mnyoo mdogo sana aliyejikunja kama kamba. Mtaalamu Richard Owen alimwandika mnyoo huyo mwaka ule ule, na leo twamjua kwa jina la Trichinella spiralis, nasi tutamwita trikinela. Watoto wake wana urefu wa kama milimita moja, hulala ndani ya msuli wakimngoja mnyama mwingine aule msuli huo. Mwanadamu humpata kwa kula nyama isiyoiva vizuri, hasa ya nguruwe. Kisha huja kuhara, homa, uso kuvimba na maumivu makali ya misuli, na pengine mauti. Kwa muda wa miaka zaidi ya 130 vitabu vilifundisha kwamba trikinela wa dunia nzima ni mmoja. Wa nguruwe wa Ulaya, wa dubu wa barafuni, wa simba wa Afrika: mnyoo ni mnyoo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi la vijana karibu na Mlima Kenya walikula nyama ya nguruwe mwitu isiyoiva, wakaugua. Huo ndio mlipuko wa kwanza wa maradhi haya kuandikwa katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, na habari yake ilichapishwa mwaka 1961. Bila shaka wengi waliogopa jambo moja: ikiwa mnyoo huyu ni yule yule wa Ulaya, basi nguruwe wetu wa nyumbani wamo hatarini, na panya wa mabandani watamsambaza kama walivyomsambaza huko. George Nelson, aliyekuwa akitafiti minyoo hapa Kenya, hakutosheka na kuogopa. Yeye na wenzake walichunguza wanyama wa porini, wakamkuta mnyoo huyu kwa fisi, kwa chui, kwa simba na kwa wengineo. Kisha, pamoja na mwenzake Mukundi, akawalisha panya na nguruwe wa nyumbani nyama yenye mnyoo wa Kenya. Mnyoo wa Ulaya angejaa katika misuli yao. Huyu wa Kenya alishika kwa shida sana. Waliyatangaza matokeo hayo mwaka 1963. (Jina la Mukundi sijaliona hata mara moja katika kitabu cha shule, nami sijui kwa nini tunawafundisha watoto wetu kana kwamba elimu hii ililetwa yote kwa meli.)

Hapo sasa palikuwa na fumbo. Kwa hadubini mnyoo wa fisi wa Kenya na mnyoo wa nguruwe wa Ulaya walikuwa kama pacha. Kwa tabia walikuwa mbali. Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Muungano wa Kisovieti, Britov na Boev, waliamua kumpa wa Afrika jina lake, wakamwita Trichinella nelsoni kwa heshima ya Nelson, na yule wa nchi za barafu wakamwita Trichinella nativa. Unadhani ulimwengu uliwapongeza? La. Kwa miaka karibu ishirini wakubwa wa elimu walibishana, na wengi wao walikataa kata kata. Hoja yao ilikuwa ile ile ya mkufunzi wangu, ingawa wao waliivika nguo nzuri zaidi: hatuoni tofauti katika umbo, basi hapana spishi mpya.

Walionyamazishwa na nini? Na ushahidi wa nasaba. Mwaka 1992 Edoardo Pozio wa Italia na wenziwe walichapisha uchunguzi wa trikinela zaidi ya 100 waliokusanywa kutoka mabara mbalimbali. Hawakuwapima urefu, walilinganisha vimeng'enya vyao vingi, ambavyo umbo lake huamuliwa na jeni. Trikinela wale walijigawa wenyewe katika makundi yasiyochanganyika, na wa Afrika Mashariki alisimama peke yake, kama Nelson na Mukundi walivyodokeza miaka karibu thelathini kabla. Baadaye DNA yenyewe ilisomwa, na hesabu ikaendelea kukua: mwaka 2002 alipewa jina Trichinella zimbabwensis, aliyekutwa kwa mamba waliofugwa Zimbabwe, na mwaka 2020 Trichinella chanchalensis, aliyekutwa kwa mnyama mla nyama wa kaskazini ya Kanada. Leo spishi zenye majina ni kumi. Pale palipokuwa na mmoja, wapo kumi.

Na kazi ya kuwatambua siku hizi si ya kichawi. Mtaalamu huchukua mtoto mmoja tu wa mnyoo, akatoa DNA yake, akaitia katika mashine inayonakili vipande fulani vya maandishi yale mara mamilioni. Vipande hivyo huvutwa kwa umeme ndani ya utelezi mgumu kama wa uji uliopoa, vifupi vikaenda mbali na virefu vikabaki nyuma, na mwisho wake huonekana mistari. Spiralis hutoa mstari mmoja, wa kipande chenye urefu wa herufi 173. Nelsoni hutoa miwili, wa 155 na wa 404. Mtoto wa kidato cha kwanza aweza kuitofautisha mistari hiyo, ilhali profesa mwenye hadubini bora hawezi kuwatofautisha wenye mistari.

Sasa utaniuliza, kama wanafunzi wangu wanavyoniuliza: "Mwalimu, majina kumi yatatufaa nini? Si wote huua?" Swali zuri, na hapo ndipo maneno ya "mnyoo ni mnyoo" yanapoacha kuwa mzaha.

Katika nchi nyingi imekuwa desturi kuua trikinela kwa baridi. Nyama ya nguruwe isiyozidi unene wa inchi 6 ikigandishwa kwa digrii 15 chini ya sifuri kwa siku 20, trikinela aliyemo hufa. Kanuni hiyo ni kweli. Lakini ni kweli kwa spiralis. Nativa, ambaye kwa sura ni yule yule, amezaliwa katika nchi za barafu na baridi kwake ni nyumbani. Katika nyama ya wanyama wa huko huweza kuishi hali imeganda kwa miaka. Mwaka 2022 jamaa wa ukoo mmoja walikutana huko South Dakota, Marekani, wakala mishikaki ya dubu mweusi aliyewindwa kaskazini ya Saskatchewan. Nyama ilikuwa imegandishwa siku 45, zaidi ya mara mbili ya muda wa kanuni. Watu sita waliugua, na wawili kati yao hawakuonja nyama hata kidogo, walikula mboga tu zilizopikwa pamoja nayo. Mnyoo alipochunguzwa alikuwa nativa. Niambie, msomaji: watu wale waliponzwa na uzembe? Walifuata kanuni iliyotungwa kwa mnyoo mwingine.

Geuza jambo hilo ulilete kwetu. Kwa kuwa twajua kwamba nelsoni hashiki vizuri kwa nguruwe wa nyumbani, mfugaji wa nguruwe wa Kiambu hana sababu ya kuogopa fisi wa porini kama mfugaji wa Ulaya anavyoogopa panya wa bandani. Lakini mla ngiri na mla nguruwe mwitu wana kila sababu ya kuogopa, maana nelsoni hamchagui mwanadamu kwa tabaka. Na akitokea siku moja mgonjwa aliyepata trikinela kutoka kwa nguruwe wa kufugwa, swali la kwanza la mganga wa wanyama halitakuwa "ni trikinela?" bali "ni yupi?" Kama ni spiralis, ameingia nchini kutoka nje, na njia aliyopitia yapasa kutafutwa na kufungwa. Tena yuko yule wa mamba, ambaye mpaka mwaka 2002 hakuwa na jina lake mwenyewe. Zamani mtu angeapa kwamba nyama ya mamba na kenge haina trikinela, kwa sababu trikinela ni mnyoo wa wanyama wenye damu moto. Mtu huyo angeapa uongo bila kujua.

Wako watakaosema: "Pika nyama mpaka iive, yote yamekwisha." Nami nasema nao: pika nyama mpaka iive. Joto la digrii 71 katikati ya kipande humwua trikinela wa kila jina, na mama mwenye sufuria hahitaji kujua herufi 155 wala 404. Hoja hii naikubali yote. Ila yatosha jikoni tu. Haimwambii mkaguzi wa nyama amtafute nani, haimwambii mtunga sheria aamuru baridi ya namna gani, wala haimwambii mfugaji ajenge ua wa kumzuia mnyama yupi. Taifa haliendeshwi kwa sufuria peke yake.

Na tena kuna vimelea ambavyo kupika hakuvigusi. Twende kwa mbung'o. Katika damu ya wanyama wa porini wa Afrika mna vijidudu viitwavyo tripanosoma, na mbung'o huwachukua kutoka kwa mnyama mmoja hata mwingine. Yuko Trypanosoma brucei wa kawaida, ambaye hudhuru ng'ombe lakini hufia katika damu ya mwanadamu, kwa kuwa damu yetu ina protini ya kumwua. Na yuko ndugu yake, rhodesiense, ambaye protini hiyo haimwezi, naye ndiye aletaye malale. Huwatambui kwa hadubini. Hata uwatazame mpaka macho yatoke machozi, hutawatambua.

Basi wahenga wetu wa sayansi walifanyaje? Mwaka 1958 Heisch na wenziwe walitangaza kwamba wamempata rhodesiense katika damu ya pongo aliyetoka upande wa Nyanza. Walijuaje kwamba ni yeye, wala si brucei wa kawaida? Walimtia mtu aliyejitolea, naye akapata malale. Ndiyo, msomaji: kipimo kilikuwa ni mwili wa mwanadamu. Simlaumu mtu wa zamani kwa kutumia alichokuwa nacho, na yule aliyejitolea namvulia kofia. Lakini mtu anaponiambia kwamba ushahidi wa jeni ni anasa, humkumbusha pongo wa Nyanza. Mwaka 1998 ilithibitika kwamba jeni moja, iitwayo SRA, ndiyo impayo rhodesiense uwezo wa kuishi katika damu yetu. Tangu hapo tone la damu ya mnyama hutosha kujibu swali ambalo zamani lilijibiwa kwa mshipa wa mtu.

Jirani zetu wa Uganda walilitumia jibu hilo upesi. Malale yalipozuka Soroti mwishoni mwa mwaka 1998, mahali ambapo hayakuwapo kabla, wengi wangeweza kuwalaumu wanyama wa porini. Jeni ya SRA ilitafutwa katika damu ya ng'ombe, ikaonekana humo. Na ng'ombe walikuwa wakiletwa mnadani kutoka wilaya zenye ugonjwa. Dawa ikaelekezwa kwa ng'ombe. Linganisha na yaliyotendeka Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita na baadaye kidogo: wanyama wa porini walipigwa risasi kwa malaki, kwa kuwa waliwalisha mbung'o na kubeba vimelea. Hapakuwa na awezaye kuuliza ni mnyama yupi abebaye kimelea kipi. Asiyeweza kumtambua mwizi huchoma kijiji.

Hapa kwetu mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa malale nchini na kuandikwa alikuwa wa mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Ni sifa kubwa, nasi tuna haki ya kuifurahia. Lakini usidanganyike ukadhani kwamba kimelea amefunga mizigo akaondoka. Mwaka 2012 wageni wawili waliotembelea Maasai Mara walirudi kwao Ulaya na malale. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila mgonjwa nchini, na rhodesiense alikuwa bado yumo porini, akikaa kimya katika damu ya wanyama, pamoja na nduguze wasiotudhuru wanaofanana naye kwa kila hali. Atakayemlinda mtoto wa mfugaji wa Mara lazima awe na njia ya kumtenga mmoja na wengine.

Lipo pingamizi moja ambalo huniudhi kuliko yote, nalo ni hili: "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye mashine zao." Anayesema hivyo hajui historia ya nchi yake. Jijini Nairobi, tangu mwaka 1973, palikuwa na maabara ya kimataifa ya utafiti wa maradhi ya wanyama, na humo Phelix Majiwa na wenzake walisoma DNA ya tripanosoma wakati watu wengi duniani walikuwa bado wanawapanga kwa sura. Mwaka 1993 walitangaza kwamba mbung'o wa Tsavo alibeba tripanosoma wa namna ambayo hakuna aliyekuwa ameijua. Kwa hadubini hakuwa mgeni. Kwa nasaba alikuwa mgeni kabisa. Leo vitabu vya elimu hiyo ulimwenguni kote humwita kwa jina la Tsavo. Kadhalika mmoja wa jamii ya Trypanosoma congolense huitwa Kilifi. Majina ya nchi yetu yanatajwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo, na katika shule zetu hayatajwi.

Sasa nisije nikaonekana mtu wa upande mmoja asiyejua kupima. Yuko pia mpumbavu wa pili, kinyume cha yule wa kwanza, naye ni yule anayepata tofauti ndogo katika jeni moja akakimbilia kutangaza spishi mpya ili jina lake liandikwe. Huyo naye namkataa. Ndugu wawili wa tumbo moja hutofautiana katika jeni, wala si spishi mbili. Ushahidi wa nasaba haupo kwa ajili ya kugawa tu; upo kwa ajili ya kujua, na pengine huunganisha. Zamani kimelea cha ndigana kitokacho kwa nyati kilipewa jina lake pekee, tofauti na kile cha ng'ombe. Uchunguzi wa baadaye, pamoja na wa DNA, ukaonyesha kwamba mpaka kati yao hauko wazi kama ilivyodhaniwa, na vyote viwili vikawekwa chini ya jina moja, Theileria parva. Na hata hivyo wasomaji wa jeni nzima nzima wameanza kuuliza tena kama uamuzi huo ulikuwa sawa. Hiyo ndiyo elimu. Hata kwa trikinela, mbali na zile spishi kumi, ziko namna tatu ambazo jeni zao zinatofautika, lakini wataalamu hawajazipa majina ya spishi, wanaziita T6, T8 na T9 tu, maana uhusiano wao na jamaa zao wa karibu bado unapimwa. Jeni, mwenyeji, nchi, na kama wanaweza kuzaana: vyote huletwa barazani kabla ya hukumu. Ninachokipinga mimi ni hukumu ya jicho peke yake.

Nirudi kwenye kabati la chuo. Miaka michache iliyopita nilipita pale, na chupa zilikuwapo bado. Nilikuwa nimejifunza wakati huo jambo ambalo lilinisikitisha: fomalini huhifadhi umbo vizuri sana, lakini huharibu DNA. Bahasha imetunzwa na barua imechomwa. Swali nililouliza nikiwa kijana, kama yule wa fisi na yule wa mbweha walikuwa wamoja au wawili, halitajibika kwa urahisi kutokana na chupa zile, wala fisi yule hajulikani aliishi Mara au Samburu au Lamu.

Kwa hiyo, ikiwa shule yako ina kabati kama hilo, mwendee mwalimu wako wa sayansi kwa adabu. Sikutumi porini ukapasue mzoga. Mzoga wa fisi au mbweha waweza kuwa na kichaa cha mbwa, na kazi hiyo ina wenyewe waliopewa ruhusa na glavu. Lakini maafisa wa mifugo na wa wanyama wa porini wakati mwingine hugawia shule vielelezo, na machinjio ya karibu huwa na minyoo kila siku. Mwombe mwalimu vielelezo vijavyo vitiwe katika spiriti kali safi badala ya fomalini, na chupa ifungwe vizuri isikauke. Kisha andika kwa penseli, kwa sababu spiriti hufuta wino, juu ya kijikaratasi kitakachokaa ndani ya chupa pamoja na mnyoo: jina la mnyama, mahali alipotolewa, sehemu ya mwili, tarehe, na jina la aliyemtoa. Mahali pa jina la mnyoo mwenyewe pawe wazi.